Chokaa ya Bi Mwanafatuma

Mwanafatuma binti Chirau alikuwa mtu wa ufagio. Wanawake wa Msambweni walimtania kwamba siku akijaaliwa kuingia peponi, swali lake la kwanza litakuwa ufagio umewekwa wapi, naye hakukasirika, kwa sababu aliiona kuwa ni sifa. Asubuhi, kabla hajatia chai kinywani, ua wake ulikuwa umekwisha kupigwa mistari ya ufagio wa chelewa kutoka mlango wa jikoni hadi wigoni, na kuku aliyethubutu kukatiza hapo alirushiwa ndala. Wageni wakija kwake walijikuta wanapangusa miguu hata kama haina mchanga.

Basi ilipokubaliwa kwamba Kibibi, binti wa nyumba ile, ataolewa mwezi wa Mfungo Mosi, na kwamba bwana arusi na jamaa zake watatoka Kombani, hakuna aliyeshangaa kumwona Mwanafatuma amejifunga leso kiunoni na kuipindua nyumba juu chini. Vitanda vilitolewa nje vikamwagiwa maji ya moto, kunguni wakajuta kuzaliwa. Masufuria yalisuguliwa kwa majivu mpaka ukaweza kujitazama ndani yake. Makuti yaliyooza juu ya jiko yaling'olewa yakaezekwa mapya. Buibui waliokuwa wamekaa darini tangu uhai wa marehemu mumewe walihamishwa bila kuulizwa wanakwenda wapi.

Mbodze, jirani yake wa ng'ambo ya njia, alikuja kumsaidia kukuna nazi akamkuta juu ya kiti, amefunika kichwa, anapiga dari kwa ufagio mrefu.

"Shoga," alisema Mbodze, "watu wa Kombani wanakuja kula pilau. Hawaji kukagua dari."

Mwanafatuma alicheka tu. Hakuweza kumwambia mtu, hata Mbodze, kwamba katika wageni wote alikuwa anamfikiria mmoja, na mgeni huyo hakuwa anatoka Kombani bali Vanga, na jina lake ni Asiya.

Asiya ndiye aliyemzaa Kibibi. Alikuwa mke wa kwanza wa Athmani Tembo, huyo marehemu mume wa Mwanafatuma, na aliingia nyumba ile ingali mpya, makuti yake bado yana harufu ya kijani. Alimzaa Kibibi salama. Mimba ya pili ilifika miezi yake, lakini mtoto alitoka kimya. Hakulia, kwa hiyo hakupewa jina wala hakuswaliwa. Kwa desturi ya watu wa hapo, mtoto wa namna hiyo hapelekwi makaburini. Athmani na mjomba wake walimfunga katika kitambaa cheupe, wakamzika nyuma ya nyumba, ndani ya ua ule ule, wakaweka mawe machache ya matumbawe kuuzunguka udongo na moja wakalisimamisha kichwani. Asiya alikuwa chumbani kwenye arubaini yake. Wanawake hawaendi kuzika. Alipotoka nje siku zake zilipotimia, alionyeshwa mawe, na hayo mawe ndiyo yaliyokuwa mtoto kwake.

Kisha mama yake Athmani alianza maneno. Kwamba tumbo la Asiya limefunga, kwamba nyumba imeingia nuksi. Maneno ya mama mkwe hayaishi mpaka yapate yanachotaka, na haya yalipata talaka. Asiya alirudi kwao Vanga, Kibibi akabaki kwa baba yake, na kabla mwaka haujageuka Mwanafatuma aliingizwa nyumbani kwa ngoma.

Walionana mara moja tu wakati huo. Asiya alikuja kuchukua sanduku lake, akamkuta Mwanafatuma mlangoni, msichana wa juzi, hina bado mikononi, amempakata Kibibi. Mwanafatuma alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata majibu alikuwa nayo. Asiya hakutukana. Alimtazama mtoto, halafu akamtazama yeye.

"Mmoja namwacha ndani," alisema, "na mmoja namwacha nje. Nakuomba uwatazame wote wawili."

"Nitawatazama," Mwanafatuma alijibu. Alikuwa na nia njema wakati ule. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye yeye mwenyewe alikataa kujipa hata hilo.

Yule wa ndani alimlea hata ukasahau kwamba si wake. Alimfundisha kusuka ukili wa mikeka, alimpeleka chuoni kwa mwalimu wa Kurani, alikesha naye alipougua surua. Alipofariki Athmani, watu walidhani atamrudisha mtoto Vanga ili yeye mwenyewe aolewe upya, akawaambia wamwondolee upuuzi. Kibibi alimwita mama bila kuongeza neno, na mama yake mzazi, ambaye alipelekwa kumwona Vanga kila baada ya mavuno, akamwita Mama Asiya.

Yule wa nje alimtazama pia, mwanzoni. Alifagia kuyazunguka mawe, akang'oa majani. Lakini miaka ilipita na yeye tumbo lake halikushika kitu. Kila mwezi alisikitika peke yake, na kila alipokwenda nyuma kumwaga maji ya kuoshea samaki, mawe ya Asiya yalikuwa pale. Wivu wake ulikuwa wa aibu, wivu juu ya maiti: Asiya ameondoka, lakini hata mtoto wake aliyekufa ana mahali katika ua huu, na mimi niliyepo sina. Taratibu akaacha kufagia upande ule. Mstafeli ukaota hapo wenyewe, magugu yakapanda, na mwanamke aliyekuwa akirushia kuku ndala alikuwa na sehemu moja ya ua ambayo macho yake yalizoea kutoiona.

Sasa Asiya anakuja arusini, na si kama mgeni wa kupita. Anakuja kama mama wa bibi arusi, atakaa siku kadha, atalala chumba kilichokuwa chake. Ndiyo maana ya kunguni na buibui. Mwanafatuma alitaka Asiya aingie, atazame juu, atazame chini, akose pa kutia kidole. Zaidi ya yote alitaka nyumba iwe nyeupe, nyeupe kuliko alivyoiacha, nyeupe kuliko nyumba yoyote ya Vanga.

Na hapo ndipo chokaa ilipokwama. Ilikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa, na kila mwenye kiambaza alikuwa amekipaka, shule, misikiti, maduka, hata banda la mnada wa ng'ombe kule Kinango, watu walisema, lilipakwa. Ukiulizia chokaa dukani unaonyeshwa pipa tupu. Mwanafatuma akaamua achomewe ya kwake, akamwita Mwero, aliyekuwa mchomaji wa chokaa tangu ujana wake na ambaye nyusi zake hazikuota tena sawasawa kwa sababu ya kazi hiyo.

Mwero alipanga magogo ya mnazi kwa duara mbele ya nyumba, akajaza matumbawe juu yake. Alirudi nyuma akalitazama tanuri, akatikisa kichwa.

"Halijashiba, Bi Mwanafatuma. Kwa mawe haya utapata chokaa ya chumba kimoja na nusu. Utapaka mbele, nyuma ubaki na udongo."

"Si yaletwe mengine?"

"Kutoka wapi? Bahari imo katika maji mafu, mwamba haukauki. Tungoje bamvua, maji yatoke mbali."

Kungoja bamvua maana yake ni kupaka chokaa siku ya arusi yenyewe, wageni waketi juu ya ndoo. Mwanafatuma alisema ana mawe nyuma, akachukua kikapu akazunguka nyumba. Kwa kweli alikuwa na mawe: yaliyotegemeza mtungi, yaliyozuia mlango wa banda la kuku, yaliyobaki kwenye msingi wa choo cha zamani. Akayakusanya yote. Kikapu kilikuwa bado hakijajaa. Akaingia chini ya mstafeli, akapapasa katika magugu makavu, na mkono wake ukagusa jiwe.

Alilitoa. Akagusa la pili kando yake, na la tatu, na mkono ukahisi kwamba yamepangwa.

Alijua. Miaka yote iliyofuata alijaribu kujiambia kwamba hakujua, kwamba alikuwa na haraka, kwamba magugu yalificha, na kila alipojaribu ule mkono wake ulimkatalia. Alichuchumaa pale na jiwe mapajani, jiwe kavu jepesi lenye kuvu nyeusi ya mvua za miaka, na aliona kabisa lile lingine lililosimama, limeinama kidogo upande wa mzizi.

"Bi Mwanafatuma!" Mwero aliita kutoka mbele. "Upepo uko sawa sasa hivi! Ukigeuka tutachoma makuti ya watu!"

Nitarudisha mengine, alijiambia. Bamvua ikifika nitakwenda mwambani mwenyewe nichague mazuri zaidi. Mawe ni mawe. Akayatia kikapuni yote, na lile lililosimama akalitia la mwisho, akafunika kwa leso kana kwamba ni kitu cha kuonewa haya, na kweli kilikuwa hivyo.

Mwero aliyapokea akayagonga kwa kucha. "Haya ndiyo mawe," alisema kwa furaha. "Yamekauka mpaka moyoni. Haya yatatoa chokaa kama unga wa mchele." Akayapanga juu kabisa, akatia moto.

Mtu akishakosa, mara nyingi hubadilika akawa hodari wa kazi. Tanuri likiwa linawaka, Mwanafatuma alichukua panga akaukata mstafeli. Alisema unaangusha matunda mabovu na kuleta inzi. Kisiki akakichimba, mizizi akaing'oa, vyote akavitupa kwenye moto wa Mwero. Magugu akayafyeka. Siku iliyofuata alichukua jembe akaulima ua wote, akasawazisha vishimo, akajaza mchanga mpya, akaumwagia maji na kuupigilia kwa mti mpaka ukawa laini. Wanawake watacheza ngoma hapa, alisema, wasijikwae. Mbodze alipokuja alisimama mlangoni kwa mshangao.

"Ua umekuwa mkubwa, shoga! Kumbe siku zote ulikuwa na ua mkubwa hivi?"

Mwanafatuma alisema ndio, akaendelea kupigilia.

Mawe yaliyoiva yalitoka tanurini yamekuwa mepesi, yakamwagiwa maji, yakachemka na kutoa mvuke na kupasuka yenyewe kwa yenyewe. Mwero hakudanganya. Chokaa ilikuwa laini kama unga. Mwanafatuma alipaka viambaza vyote, mbele na nyuma na ndani, akirudia mara mbili mbili, na jua la kaskazi lilipopiga, nyumba ilimulika hata ukaiona kutoka barabara kuu. Watu walisimama kuisifu. Mwalimu wa chuo alisema ni nyumba ya kuswalia. Kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki, hukohoi ukatoka na humezi ukashuka.

Bamvua ilipofika alikwenda mwambani kama alivyojiahidi, akarudi na kikapu cha matumbawe mazuri. Hapo ndipo alipopata taabu ya pili, ambayo hakuwa ameifikiria. Aliweka mawe karibu na wigo, akatazama, akaona siyo. Akayasogeza upande wa jiko. Mstafeli ulikuwa wapi? Alikumbuka kivuli chake asubuhi, lakini kisiki alikwisha kukichoma, na miaka mingi macho yake hayakuitazama sehemu ile. Akayasogeza tena. Ua wote ulikuwa sawa, laini, safi, haumwambii mtu kitu. Mwishowe akayapanga mahali palipoelekea kuwa ndipo. Kisha, kwa kuwa yalikuwa meupe na yananuka bahari, aliyapaka majivu na tope ili yaonekane ya zamani. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu wake wote wa mtu safi, akapiga bismillahi kwa mazoea, akajisikia anapiga bismillahi, akaikatiza.

Asiya alifika na basi la asubuhi kutoka Vanga, siku moja kabla ya watu wa Kombani. Mwanafatuma alikuwa amemngoja mwanamke mrefu mwenye macho makali. Aliyeshuka alikuwa mtu mnene wa makamo, anayetembea kwa kuegemea upande mmoja, anatabasamu hata kabla hajajua nani ni nani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo nyote? Mbona umekonda hivi? Ah, arusi hizi." Akamshika mikono yote miwili, hakuiachia.

Aliingia ndani, akatazama juu, akatazama chini, kama ilivyokuwa katika ndoto zote za Mwanafatuma, na kama ilivyokuwa katika ndoto hizo alikosa pa kutia kidole. "Mashallah," alisema. "Mashallah, Mwanafatuma. Nyumba imekuwa kama yai." Akaegemeza kiganja kiambazani huku akivua viatu. Kilipotoka kilikuwa cheupe, akacheka, akakipangusa kwenye leso yake. Mwanafatuma aliitazama ile alama ya vidole kwenye leso akashindwa kumkaribisha kiti.

Baada ya chai Asiya alifungua kikapu chake. Alitoa mapambo ya Kibibi, mafuta, udi, na chini kabisa jozi ya leso mpya zilizokunjwa vizuri, akaziweka mapajani mwa Mwanafatuma. "Hizi zako," alisema. "Si za arusi. Za kulea." Kisha akatoa kichupa cha marashi ya mawaridi na kipande cha ubani kilichofungwa karatasini, akaviweka mkononi mwake mwenyewe.

"Na hivi ni vya yule wa nje. Athmani alikuwa hapendi nikanyage hapa, na baada yake nikaona haya kukuomba wewe. Leo naomba. Nipeleke kwa mwanangu."

Walitoka kwa mlango wa jikoni. Mwanafatuma alitembea mbele, akamwonyesha mawe. Asiya alishuka chini kwa shida, akaketi mchangani, akasoma Fatiha. Alimimina marashi polepole, jiwe baada ya jiwe, na majivu yakaanza kuchuruzika. Hakuona. Alikuwa analia, lakini kwa utulivu, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Kaa," alimwambia Mwanafatuma, akapiga mchanga kando yake. "Nataka nikuombe radhi. Siku ile nilipoondoka niliapa moyoni kwamba utayatupa mawe haya. Nikasema, huyu kijana, mwenye wivu wa ujana, hatayaacha hata mwezi. Miaka yote nimekusema hivyo mbele ya watu kwetu. Kumbe ulinitunzia. Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe dunia na akhera."

Ilikuwa rahisi kusema nimekusamehe. Neno moja tu, na kila kitu kingekaa mahali pake: arusi, leso mpya, nyumba kama yai. Mwanafatuma alifungua kinywa ili aliseme. Akamtazama Asiya, na akaona kwamba mwanamke huyu anaomba radhi kwa dhana iliyokuwa kweli.

"Dada," alisema, "mawe haya si yake."

"Vipi?"

"Haya nimeyaleta juzi kutoka mwambani. Yale yake sikuyatunza." Alitaka kunyamaza hapo, lakini Asiya alikuwa bado anangoja, uso umelowa, haelewi. "Tanuri lilipungukiwa mawe. Niliyatia motoni. Nilijua ni yake, dada. Nisikudanganye, nilijua."

Asiya aligeuza kichwa taratibu akaitazama nyumba. Ilikuwa inawaka kwa weupe juani, haitazamiki. Aliitazama muda mrefu, kisha akaitazama leso yake mwenyewe, pale alipopangusa kiganja. Mwanafatuma alingoja kofi. Angelipokea kwa shukrani.

Asiya hakupiga. Alijifuta macho kwa upande mwingine wa leso, akashusha pumzi.

"Mawe ni mawe," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Umenichoma, lakini mawe ni mawe. Yeye mwenyewe yupo. Nionyeshe alipo, nikamwombee."

Mwanafatuma aliutazama mchanga, huku na kule.

"Si hapa?"

"Nilikisia, dada. Kulikuwa na mstafeli, nikaung'oa. Nikalima. Nikasawazisha. Sijui ni wapi."

"Mjomba wake Athmani?"

"Amefariki. Kabla ya Athmani mwenyewe."

Asiya alipiga magoti, akaweka viganja mchangani, akaanza kupapasa. Mwanafatuma akapiga magoti pia. Walipapasa wote wawili, huku na huku, kama watu waliopoteza pete, kutoka jikoni kwenda wigoni na kurudi, na kila mahali mchanga ulikuwa ule ule, laini, umepigiliwa vizuri na mtu hodari. Asiya alijaribu kukumbuka aliuona mlango wa jikoni kutoka upande gani. Mlango huo haukuwepo tena, jiko lilikuwa limejengwa upya na kusogezwa tangu wakati wake. Akakaa chini katikati ya ua, mikono imefunguka mapajani.

Ndani, Kibibi aliita. "Mama!"

Mwanafatuma hakuthubutu kusimama.

"Nenda," alisema Asiya. "Anakuita wewe." Kisha, alipoona mwenzake bado amepiga magoti, alisema bila kumtazama, "Asijue. Hii ni siku yake, nawe umemlea. Nitakula, nitaimba, nitamtia hina mtoto wangu. Lakini usiniulize kama nimekusamehe. Usiniulize leo, wala usinitumie mtu Vanga aniulize. Nikiweza, utasikia."

Na ndivyo alivyofanya. Watu wa Kombani walikuja na vishindo vyao, pilau ikaliwa, nyumba ikasifiwa mpaka sifa zikawachosha wenye kusifu. Alasiri wanawake walifungua ngoma uani, na ua ule mkubwa ulijaa. Hakuna aliyejikwaa. Walicheza kila mahali, Mbodze akiwa mbele, visigino vikipiga mchanga, vumbi linapanda. Mwanafatuma alisimama mlangoni na sinia la halua mikononi, na kila kisigino kilichoshuka alikisikia tumboni. Angewaambia waondoke wapi? Angewaambia wasikanyage hapa, au pale?

Asiya alikuwa ameitwa kucheza na mwanawe. Alisimama ukingoni, akavua viatu vyake, akavishika mkononi. Kisha, badala ya kukatiza kati ya wachezaji, alizunguka ua kwa kufuata wigo, bega lake likigusa makuti, hatua ndogo ndogo, mpaka alipofika upande wa pili alipokuwa Kibibi. Watu walidhani ni miguu yake mibovu. Mwanafatuma peke yake ndiye aliyejua, na alipomaliza kumtazama aliinama akavua ndala zake.

Habari kutoka Vanga zilikuja mara nyingi baada ya hapo. Za mavuno, za wajukuu, na miaka ilipopita, za maradhi, na mwisho za kifo cha Asiya. Ile moja aliyoingojea haikuja. Hakumlaumu. Kibibi alizaa, wajukuu wakakimbia uani, akawakaripia bila kuwaambia sababu, kisha akaacha, kwani watoto watakimbilia wapi? Lakini yeye mwenyewe hakukatiza ua ule tena. Ukimtembelea Bi Mwanafatuma uzeeni mwake ungemwona anatoka jikoni peku, ndoo kichwani, anazunguka kwa kufuata wigo, polepole, safari ndefu ya kwenda mahali pa karibu, na wake za wajukuu wanaonyeshana kwa macho na kusema bibi sasa uzee umemzidi. Ufagio wake ulikuwa umeegemezwa ukutani. Ua, kuanzia siku ile, walifagia wengine.